Picha Kwanza, Wino Baadaye

"Msalimie baba yako. Msalimie Ukuta."

Maneno hayo yalimkuta Wakili, mwanasheria wa klabu, mgongoni, mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango, na hapo ndipo nilipowaacha wiki nzima mkining'inia. Najua mmenisema. Dada mmoja alinisimamisha sokoni, nyanya zake mkononi, akataka nimwambie palepale kama binti wa watu anatoka salama katika ofisi ile. Nikamwambia anunue gazeti. Aliudhika, lakini naamini leo ananisoma.

Basi hakutoka. Aliachia kitasa akageuka.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa nyuma ya meza yake, anafuta miwani kwa ncha ya tai. Jina lake la mtaani ni Tabasamu, na amelipata kihalali. Anatabasamu akifukuza kocha, anatabasamu akiwa makaburini. Sijui mashavu yake hupumzika saa ngapi.

"Umejua lini?" Wakili aliuliza.

"Siku ya usaili. Uliniangalia kama kipa anavyomwangalia mpiga penalti. Macho yale nayajua."

"Na bado ukaniajiri."

"Nilitaka nione umefuata nini. Isitoshe, vyeti vyako vilikuwa vizuri." Akavaa miwani. "Kaa, binti."

"Nasimama."

"Simama basi. Utachoka mwenyewe."

Kwa aliyeingia leo, asihangaike, nampa kwa ufupi. Ukuta alikuwa kipa wa klabu hii, kipa ambaye akina mama walimwimbia wakiwa wanafua. Katika fainali moja, mpira mlaini, mpira wa kudaka huku unapiga miayo, ulipita katikati ya mikono yake ukaingia wavuni. Kabla watu hawajashuka majukwaani, Tabasamu, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa timu, aliwaambia waandishi kwamba kipa ameuza mechi.

Ukuta akafukuzwa. Mawe yakanyesha juu ya bati lake. Akajifunza ufundi wa masofa, akafungua karakana nyuma ya nyumba, mtaa wa pili kutoka uwanjani, akawa anapigilia misumari huku kelele za mashabiki zikimfikia kila wikiendi. Hakujitetea hata mara moja. Binti yake alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Nina masofa ya watu." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyesema kwa niaba yake ni mkewe. Mama huyo, muuguzi aliyekwisha kustaafu, alimlea binti yake kwa uji na hasira. Kila jioni alishika mkono wa kulia wa mumewe mbele ya mtoto, akaonyesha vidole viwili vilivyopinda. "Vilivunjika mazoezini siku moja kabla ya fainali," alisema. "Tabasamu alijua. Akaamuru achomwe sindano ya ganzi, akavishwa glavu, akasukumwa uwanjani. Halafu akamwita mwizi. Usije ukamsahau mtu huyu."

Binti hakumsahau. Alisoma sheria kwa ajili ya kitu kimoja tu: siku moja Tabasamu asimame mbele ya wanachama, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye maiki, kwamba Ukuta hakuuza mechi. Hataki fidia wala kiti cha mtu. Anataka sentensi hiyo moja, na ameifuata mpaka ndani ya ofisi hii.

Haya, turudi mezani kwa Tabasamu.

"Sikia," alisema, "leo ni mkutano mkuu. Wanachama wamejaa chini kama siafu, na baadaye wananyoosha mikono kuchagua mwenyekiti. Nimewaahidi vijana wetu watatu, mkataba wa miaka mitano kila mmoja. Picha zimeshatoka asubuhi. Umeziona?"

Wakili alikuwa ameziona. Kila mtu alikuwa ameziona. Kasuku, Umeme na Kobe, wamekaa kwenye meza yenye kitambaa cha rangi za klabu, kalamu mikononi, wanacheka. Juu yake maandishi makubwa: WAMEMWAGA WINO.

Sasa niwaambie jambo ambalo wapenzi wa mpira hawaambiwi. Katika klabu hii picha hutangulia. Magazeti yanafunga kurasa mapema na daktari wa timu ana mwendo wake wa polepole, kwa hiyo mchezaji anavishwa jezi mpya, anawekewa karatasi nyeupe mbele yake, anaambiwa inama kidogo, cheka, usiangalie kamera. Mkataba wenyewe unakuja baadaye, watu wakishakunywa soda. Wamefanya hivyo tangu enzi za babu zao na haijawahi kuwatokea puani.

"Wamekataa kusaini mpaka wewe uwaambie," Tabasamu aliendelea. "Umewalisha nini sijui. Nenda kawaambie. Wakisaini, siri yako naizika na kazi yako unaendelea nayo. Wasiposaini, napanda jukwaani nawaambia wanachama kwamba binti wa msaliti amekuja kuwauza watoto wao kwa wale wa ng'ambo ya mto."

Tisho hilo lilimchoma Wakili. Si kwa sababu ya uongo, bali kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Klabu ya ng'ambo ya mto, wapinzani wa jadi, ilikuwa imempa ahadi: vijana wavunje mkutano, waje wote watatu, wapimwe afya, wapokelewe. Ndio ulikuwa mpango wake. Amwache Tabasamu jukwaani na karatasi zake nyeupe, mbele ya watu wote, aumbuke.

"Kingine," Tabasamu alisema, akimfuata mpaka mlangoni. "Baba yako alikuwa na sababu yake ya kunyamaza. Ningekuwa wewe, ningeiheshimu."

"Usimtaje baba yangu."

"Nilishakuonya. Mimi sina ubaya."

Wakili alishuka ngazi mbili mbili kwa hasira. Maneno yale ya mwisho aliyachukulia kuwa sumu ya mtu anayezama. Nasi tuyaache palepale ngazini kwa sasa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya kuchulia na viatu vibichi. Vijana watatu walikuwa kwenye benchi moja. Kasuku, kiungo, asiyenyamaza hata akiwa ametafuna mkate, aliruka.

"Dada! Tunasaini au hatusaini? Nje watu wanaimba jina langu. Kuna mzee ameninyoa kichwa changu kwenye kichwa chake."

"Amekunyoa vipi?" Umeme, winga, alimsuta. "Ongea kama mtu."

"Amenyoa kama mimi! Acha ushamba."

Kobe, beki, hakucheka. Alikuwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi katika joto lile, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Wanamwita Kobe kwa sababu hana haraka na hakuna anayempita. Alipojaribu kusimama kumwamkia Wakili, uso wake ulikunjamana, akarudi kukaa.

"Una nini?"

"Sina kitu, dada."

"Kobe."

Kijana aliinamisha kichwa. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, alinyamaza. Umeme ndiye aliyeinama akaipandisha suruali ya mwenzake. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa.

"Tangu mechi ya juzi," Kobe alisema. "Nilificha. Niliogopa wasinisainishe. Daktari wa timu ameliona leo asubuhi, akasema kuna kitu kimechanika ndani."

"Mwenyekiti anajua?"

"Anajua. Amesema nitachomwa sindano ya ganzi, nicheze kidogo ile mechi ya kuwafurahisha wanachama baada ya uchaguzi. Amesema watu wakija dukani lazima waone bidhaa."

Sindano ya ganzi, mchezaji aliyeumia, umati unaosubiri, mtu yuleyule anayetabasamu. Tabasamu alikuwa anarudia, neno kwa neno, na wala hakujisumbua kubadilisha dawa. Nawaambia ukweli, nilipofika hapa mimi mwenyewe nilitaka kuipasua kalamu.

"Tukienda ng'ambo ya mto," Umeme alisema taratibu, "watampima."

"Na wakimpima watamwacha," Kobe alimalizia. "Najua, dada. Wewe fanya unachoona ni sawa. Lakini mkataba wa hapa si unasema aliyesaini akiumia klabu inamtibu? Mama yangu ameiona picha. Ameikata ameibandika ukutani. Anajua nimeshasaini."

Hapo ndipo kisasi cha Wakili kilipomgeukia. Akiwaondoa vijana, Tabasamu anaanguka leo, lakini Kobe anabaki barabarani na goti bovu, kama Ukuta alivyobaki na vidole. Akiwaacha wasaini, Kobe anatibiwa, Tabasamu anachaguliwa, na baba yake anakufa akiitwa mwizi. Alizunguka chumba kile kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kisha akasimama.

"Hakuna atakayechomwa sindano," alisema. "Na mtasaini. Leo. Lakini mbele ya watu, si kabla Mwenyekiti hajasema neno moja ninalolitaka."

Akawaeleza neno lenyewe. Akawaambia yeye ni binti wa nani. Umeme alishika mdomo. Kasuku akauliza swali ambalo sikutegemea kutoka kwa kijana anayebishana kuhusu nywele.

"Kwa hiyo unatutumia, dada?"

"Ndiyo, nawatumia. Na nitawalinda. Yote mawili."

"Angalau hujatupiga changa la macho." Akasugua kichwa chake. "Nani anaongea?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Uwanja wa mazoezi ulikuwa umejaa mpaka kwenye uzio. Jukwaa la mbao, meza, kitambaa kilekile cha picha ya asubuhi, na spika kubwa zilizokuwa zinapeleka kila neno mitaa yote ya jirani. Safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama yake Wakili. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe. Alikuwa anajipepea kwa gazeti lenye picha ya vijana, na macho yake yalikuwa yanawaka kama ya bibi harusi. Siku yake ilikuwa imefika.

Baba hakuwepo. Baba hakuwahi kukanyaga hapo tangu afukuzwe.

Tabasamu alishika maiki. "Wanachama! Niliwaahidi nini?"

"Vijana!"

"Wako wapi?"

Vijana watatu wakapanda, Kobe akichechemea kidogo, na uwanja ukataka kupasuka. Tabasamu akamtupia Wakili jicho, jicho la mtu anayeuliza mara ya mwisho. Wakili akapanda ngazi, akanyoosha mkono, akaichukua maiki kwa adabu kabisa, kama anayempokea mzee mzigo.

"Kabla Mwenyekiti hajawaambia," alisema, "nawaambia mwenyewe. Mimi ni binti wa Ukuta."

Halafu zomea zomea ilianza nyuma, ikaja mbele kama moto wa nyasi. Msaliti! Mtoto wa msaliti! Chupa ya maji ilitua karibu na mguu wake. Tabasamu alikunja mikono kifuani, ametulia, ameshinda bila kutoa jasho. Wakili hakurudi nyuma. Alisogeza maiki kwa Kasuku.

"Hamjambo," Kasuku alisema.

Ungedhani amebadilisha stesheni ya redio. Zomea zomea ilikufa, wakaanza kuimba jina lake. Akawanyamazisha kwa kiganja.

"Ile picha ya asubuhi mmeiona? Tulikuwa tunaandika nini pale?"

"Mkataba!"

"Karatasi nyeupe. Mimi niliandika jina la mbwa wetu." Hakuna aliyecheka. "Hatujasaini. Hata mmoja. Tuliambiwa tucheke, tukacheka."

Sijui kama mmewahi kuona uwanja mzima ukigeuza shingo kwa pamoja. Waligeuka wote kwa Tabasamu. Wengine walikuwa wamecheza barabarani tangu asubuhi kwa ajili ya picha ile, na mmoja, kama mnavyojua, alikuwa amenyoa kichwa.

"Ni utaratibu wa kawaida!" Tabasamu alipaza sauti bila maiki. "Picha kwanza, wino baadaye! Kila klabu—"

"Tunataka kusaini," Kasuku aliendelea. "Sisi ni wa hapa, tunataka kubaki hapa. Kalamu ziko mezani. Ila Mwenyekiti aseme kwanza kwa nini Ukuta alikosa ule mpira. Kama mtu akivunjika hapa anaitwa mwizi, tujue mapema kabla hatujafunga miaka mitano."

Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa wa kwanza. "Sema!" Jirani yake akaidaka. Kidogo kidogo ikawa ngoma, miguu ikapiga ardhi, viti vikapiga viti. "Sema! Sema! Sema!"

Wakili hakuwa akiimba. Hakuhitaji. Alimwangalia mama yake, na mama alikuwa anaimba kuliko wote, gazeti juu ya kichwa.

Tabasamu alipiga hesabu haraka, na mimi simdharau kwa hilo, mtu huyu ana akili. Asiposema, vijana wanaondoka mbele ya macho ya wapiga kura wake na picha ya uongo inabaki shingoni mwake. Akisema, ni kosa la zamani, watu wana usahaulifu wao. Akaichukua maiki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wake ulifungwa kabla ya kufunguka.

"Ukuta alivunjika vidole mazoezini," alisema. "Viwili. Nilijua. Niliamuru acheze."

"Na mechi?" Wakili aliuliza, karibu kabisa na sikio lake.

"Hakuuza mechi."

"Hawajasikia nyuma."

"Ukuta hakuuza mechi!"

Spika zikairudia mitaani. Ikapita juu ya mabati, ikagonga ukuta wa shule, ikarudi. Mzee wa safu ya mbele alivua kofia akaishika mikono miwili. Mwanamke mmoja aliyekuwa amerusha chupa alikaa chini akajifunika uso. Na Wakili, ambaye alikuwa ameilia sentensi hiyo tangu utotoni, hakulia. Alicheka. Alicheka kwa sauti mbele ya adui yake, cheko la kumtafuna mtu, na ninawaapia lilikuwa tamu.

"Kobe," alisema kisha, "saini."

Kobe akachukua kalamu. Safari hii karatasi ilikuwa na maneno. Aliandika jina lake polepole, ulimi umetoka pembeni, kama mtoto wa darasa la kwanza, akaweka kalamu chini akapumua. Watu wakalipuka. Wakili akapokea maiki kwa furaha ya mshindi, na hapo ndipo alipokosea.

Angeishia pale, mimi ningekuwa na hadithi fupi na yeye angekuwa na usingizi. Lakini mtu aliyekaa na njaa muda wote huo haachi sahani ikiwa na kitu. Alitaka kummaliza.

"Wanachama, hamjasikia yote!" alisema. "Huyu kijana aliyesaini sasa hivi, goti lake limechanika. Mwenyekiti wenu alitaka leo achomwe sindano ya ganzi acheze mbele yenu, kama alivyomchoma baba yangu. Kobe hachezi! Anakwenda hospitali, kwa gharama za klabu!"

Walishangilia mpaka vumbi likapanda. Tabasamu aliangalia chini. Amekwisha, mtasema. Nami nilisema hivyo.

Ndipo mzee wa safu ya mbele, kofia bado mikononi, aliposimama. "Sawa, Mwenyekiti aliamuru. Lakini hakuwa daktari. Mkono uliomchoma Ukuta ulikuwa wa nani?"

"Ndiyo! Nani?" mwingine akadakia. "Mtu wa afya anachomaje ganzi kwenye mfupa uliovunjika? Huyo ndiye aliyetuulia kipa! Atajwe!"

"Taja! Taja! Taja!"

Miguu ileile, viti vilevile. Wakili alijua jibu, au alidhani analijua. Aliwahi kumuuliza mama yake akiwa mdogo, na mama alimjibu huku amempa kisogo, akikoroga sufuria: daktari mmoja wa kupita, sikumbuki jina. Akamgeukia Tabasamu ampe maiki amtaje huyo daktari wa kupita.

Tabasamu alikuwa anatabasamu.

"Nilikuonya, binti," alisema kwa sauti ya chini, mbali na maiki. "Kule juu, mlangoni. Timu ilikuwa haina daktari siku zile. Ilikuwa na nesi mmoja tu, kijana, mrembo, ameolewa na kipa. Nilimwambia akikataa mumewe hachezi fainali, na fainali alikuwa anaitaka kuliko hata mumewe alivyoitaka."

Wakili hakuelewa. Alielewa. Alikataa kuelewa. Macho yake yakaruka mpaka safu ya tatu kutafuta uso wa mama yake, ili wacheke pamoja upuuzi ule.

Mama alikuwa ameacha kujipepea. Gazeti lilikuwa limeanguka miguuni mwake. Alikuwa anaangalia viganja vya mikono yake.

"Nesi anayefanya vile ananyang'anywa leseni," Tabasamu aliendelea taratibu. "Baba yako alichagua kuitwa mwizi. Mimi nilimwita tu. Haya, wanachama wako wanakungoja. Taja."

"Taja! Taja! Taja!"

Ghafla kelele zikapungua upande wa lango. Watu walikuwa wanapisha. Mtu mmoja mrefu alikuwa amesimama pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Spika zilikuwa zimemfikia karakanani. Wazee walimtambua kwanza, wakaanza kupiga makofi, na jina lake likaanza kurudi midomoni, Ukuta, Ukuta, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu zote.

Hakuwaangalia. Aliinua mkono wa kulia, vidole viwili vimepinda, na wote walidhani anawapungia. Alikuwa anamwomba binti yake.

"Mwanangu, zima hiyo maiki. Nakuomba, mama. Izime."

Kasuku alikuwa ameinama mezani, kalamu imegusa karatasi, hajui aandike au aache. Tabasamu alirudi nyuma hatua moja akamwachia Wakili jukwaa lote. Kidole cha Wakili kilitafuta kitufe kikakipata, lakini hakikubonyeza, kwa sababu safu ya tatu kiti cha plastiki kilikuwa kimeanguka.

Mama alikuwa amesimama. Mumewe alimwona kutoka langoni, akapiga kelele jina lake la nyumbani, jina ambalo hakuna mtu wa pale aliyewahi kulisikia. Mama hakugeuka. Alikuwa anapita katikati ya watu wanaoimba "taja", wanampisha bila kumjua, anakuja moja kwa moja jukwaani, mkono ameunyoosha mbele kuiomba maiki.